Ratili Kumi

Bibi kajitwisha pamba, ratili arubaini,
kashuka kutoka shamba, kuifikia mizani,
karani kasoma kwamba: "Thelathini," bila soni,
na kumi zikawa

Hapo mizani ilikatika.
Sisemi ya shairi tu.

Baba mdogo Nkwabi alikuwa na miaka minane,
ameshika upindo wa kanga ya mama yake.
Alikiona kidole gumba cha karani
kimelala juu ya chuma
kama paka anayeota jua.

Alipokua akapuliza saksafoni Mabatini,
bendi ya suti za rangi ya maziwa,
rumba, chacha, viuno vinabanwa,
na wadudu wa ziwa wanashuka kwenye taa kama moshi,
wanafia ndani ya bia za watu.

Mwalimu mmoja mweusi kutoka Alabama
alifundisha hesabu Nyegezi mwaka mmoja, akaondoka.
Alimwachia santuri. Jalada lilikuwa limeliwa na panya.
"Babu yangu naye alipimiwa pamba," alisema.
Basi. Hakueleza zaidi.

Nkwabi aliisikiliza kwa fundi cherehani, Barabara ya Rufiji,
kati ya suruali zisizo na miguu.
Ngoma haikuhesabu.
Besi ilitembea kama mtu anayefuatwa usiku.
Saksafoni ilikohoa, ikalia, ikabisha hodi
kwenye mlango ulioandikwa kwa weupe tu,
ikabisha, ikabisha, ikaacha kubisha
ikaanza kuung'oa.
Ndani yake mlikuwa na mbwa wa polisi,
na mpira wa maji unaochuna ngozi,
na watu wanaotembea kwa miguu mwaka mzima
huku mabasi yakipita matupu.

Fundi akainua sindano:
"Mbovu hii. Imekwaruzwa."
Nkwabi akasema: "Irudishe."

Jumamosi ile, katikati ya rumba ya tatu,
alichepuka.
Hakupiga sauti, alipiga uzito.
Ratili ya kwanza ilitoka na umande wake.
Iliyofuata ilikuwa na mbegu ndani, ikamkwama kooni.
Nyingine ilikuwa na damu kidogo,
pale vikonyo vinapochoma vidole vya mchumaji.
Moja, ndefu, kali, hata korongo wa jalalani wakaruka,
hiyo ilikuwa ada yake ya darasa la tano.

Wachezaji walisimama, mikono bado viunoni mwa wenzao.
Lubango wa gita alitafuta ufunguo, hakuupata, akanyamaza.
Mlevi akapiga meza: "Turudishie wimbo wetu!"
Mwenye baa akapanda jukwaani:
"Nkwabi, unaumwa?"

Mlangoni, Mama Kabula aliyekuwa akikaanga sato
akaepua karai.
"Mwacheni," alisema.
"Hajafika kumi."

Jumatatu wakamfukuza.
Akazeekea kwenye harusi za watu, akipiga kwa adabu,
funga tai, kata keki, bwana harusi oyee.
Santuri ilipinda kwa jua,
bibi akaifanya kifuniko cha mtungi,
na ilifaa sana: haikupitisha hata chungu.

Mimi nilifundishwa vina.
Mwalimu alinichorea mistari kwa wino mwekundu:
*imepungua, imepungua, rudia.*
Nikarudia. Nikajua kujaza,
neno la hapa, neno la pale, mpaka mstari ukashiba
na hakuna aliyeuliza ulikula nini.

Leo sijazi.

Nawapimia wenzangu, ubeti wangu mwishoni,
mshale u mbele yangu, kidole ki mfukoni,
hesabuni neno langu, kumi hazimo, semeni
zilikwenda wapi